Vioo Viwili, Kijiji Kimoja

Mfuko wa mbegu wa baba mdogo wangu ulipelekwa Vugiri, juu milimani, mahali ambapo yeye hakuwahi kukanyaga. Baba mdogo alikuwa mkulima wa Handeni, mtu wa tambarare, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kuja sokoni Korogwe. Lakini mfuko ulikuwa na lebo ya karatasi iliyoshonewa mdomoni. Kwenye lebo hiyo jina lake lilikuwa sahihi, la baba yake sahihi, na chini, mahali pa kijiji, palichapwa VUGIRI. Lebo ilitoka ofisini kwetu Korogwe. Aliyeliandika jina lake kwenye kompyuta nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Vita ilikuwa imekwisha na maduka yalikuwa matupu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na mtu akionekana amebeba kifurushi aliulizwa na watu wasiomhusu amekitoa wapi. Handeni mvua zilikuwa zimegoma. Mradi niliokuwa nafanyia kazi ulileta mbegu za mahindi ya muda mfupi, kila kaya mfuko mmoja, kwa vijiji vya Handeni na vya Korogwe. Ili mifuko isipotee njiani, ilikubaliwa kila mmoja uwe na jina la mwenyewe na kijiji chake, na kazi hiyo ikapewa kompyuta.

Kompyuta ilikuwa sanduku la chuma, kubwa kama lile la kuwekea nguo za bibi harusi, na ilikaa katika chumba pekee chenye kiyoyozi. Watu walibuni sababu za kuingia humo ili wapoe. Ilipofika ilikuwa na kioo kimoja cha kuandikia, yaani skrini na vitufe vyake. Mtaalamu aliyeiandikia maelekezo yake, yaani ile programu iliyokuwa ikipokea majina na kuchapa lebo, alikaa nasi miezi kadhaa kisha akarudi kwao. Baada ya yeye kuondoka ndipo kikaletwa kioo cha pili. Fundi alitoka Dar es Salaam, akakiunganisha mchana mmoja, akatufundisha mimi na mwenzangu.

"Sasa mashine itafuata nyuzi mbili kwa wakati mmoja," alisema. "Uzi wa dada huyu na uzi wa kaka huyu. Kila mmoja ataona kama yuko peke yake. Msiwe na wasiwasi, hazigusani."

Mwenzangu alikuwa kijana wa Kisambaa, kwao Kwashemshi, mpole, mwenye mwandiko mzuri na tabia ya kukunja mikono ya shati kabla ya kuanza kazi. Yeye alipewa vijiji vya milimani kwa kuwa aliyajua majina ya kule. Mimi nilipewa vya Handeni kwa sababu hiyo hiyo. Tulitaniana sana. Yeye alisema Wazigua tunakula chakula kikavu mpaka tunaongea kwa kukwaruza. Mimi nilimwambia Wasambaa wanalima ukutani. Siku nyingi mmoja wetu aliandika na mwingine alikuwa ghalani kusimamia mifuko, na ni mara chache tu tulikaa pamoja, kila mtu na kioo chake.

Habari ya mfuko wa baba mdogo niliipata kutoka kwa baba mdogo mwenyewe. Alitokea ofisini asubuhi, viatu vimejaa vumbi, kofia mkononi. Nilimtoa nje, tukasimama penye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuuliza habari za kazi. Alitazama mlango wa ofisi, kisha akanong'ona kwa Kizigua, lugha ambayo nje ya nyumbani hakuwa na desturi ya kuitumia nami. "Mwanangu, mmetuuza?"

Nilimuuliza ana maana gani. Akaniambia kwamba mifuko imefika kijijini, na baadhi ya watu, yeye akiwamo, hawakupata. Walipouliza, dereva akasema mifuko yao imepanda mlimani. Kisha wachuuzi wa Vugiri walioshuka sokoni wakaleta maneno kwamba katibu wa kule amepokea mifuko yenye majina ya Wazigua, na watu wa kule wamekasirika. Wanauliza watu hao watakaa wapi, maana mashamba ni yale yale na watoto wao wenyewe hawana pa kulima.

"Kwa hiyo wanatuhamisha," alisema baba mdogo. "Safari hii wameanza na mbegu. Mara ya kwanza walianza na nyumba."

Sikuwa na haja ya kuelezwa hiyo mara ya kwanza. Nilikuwa shule ya msingi. Lori lilikuja, wanaume waliofunga vitambaa mikononi wakapanda juu ya nyumba ya bibi na kung'oa makuti, na bibi alikaa chini uani akiwa amekumbatia kinu chake, akikataa kukiweka garini, watu wengine wasije wakakishika. Tulipelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mstari kama darasa. Nani aliamua tukae pale na wengine wapelekwe kule, hakuna aliyetuambia. Watu wazima walibaki na tabia ya kusikiliza kila gari linalopunguza mwendo.

"Ni makosa ya kuandika tu, baba," nilimwambia.

"Nani aliandika?"

Nilikumbuka kuandika jina lake. Nililiandika kwa furaha. Na juu ya kioo changu, siku ile, kijiji kilichoandikwa kilikuwa chetu.

Nilirudi ndani nikamkuta mwenzangu anakunja mikono ya shati. Nilimweleza. Akasema kwao Kwashemshi nako kuna wazee ambao majina yao yamekwenda Handeni, na kwamba alisikia tangu juzi.

"Na hukuniambia?"

"Nilitaka kwanza kujua ni nani kafanya," alisema, bila kunitazama usoni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilianza kufikiri: mifuko ya kwetu imepanda kwao. Yeye bila shaka alikuwa akifikiri: wazee wa kwetu wameandikwa kwao. Tuliendelea kusalimiana, lakini niliposimama kwenda kunywa maji nilizima kioo changu, na yeye alipokwenda ghalani alikigeuzia ukutani cha kwake. Utani ulikoma. Alipokohoa niligeuka.

Mkuu wa ofisi, mtu wa mkoa mwingine aliyependa mambo yaishe kabla hayajafika kwa wakubwa zake, alituita. Alikuwa na lebo zilizokosewa mezani. Alituamuru tuandike upya majina yale yale, mmoja mmoja, yeye akiwa amekaa nyuma yetu. Nilianza mimi, mwenzangu akatolewa nje. Nikaandika kijiji, nikaandika majina, mashine ya kuchapa ikapiga kelele zake, lebo zikatoka. Zote sahihi. Akaja mwenzangu, nikatolewa mimi. Zake pia zote sahihi.

Tulipokaa tena mbele yake, mkuu alivua miwani.

"Mnaona? Nikiwaangalia hamkosei. Nisipowaangalia watu wanahama. Basi hili si kosa la mashine, na si kosa la bahati mbaya. Mmoja wenu anajua anachofanya."

Hoja yake ilikuwa nzuri mno. Hata mimi iliniingia. Nilimtazama mwenzangu pembeni, nikamwona naye ananitazama vivyo hivyo.

Siku iliyofuata alikuja bwana mmoja mwenye suti ya Kaunda, ambaye hakujitambulisha na hakuna aliyemuuliza. Alituita kila mtu peke yake katika chumba cha stoo. Aliongea kwa upole sana.

"Ndugu, kwenu ni wapi?"

Nilimwambia.

"Mlihamishwa wakati wa ile operesheni ya vijiji?"

"Ndiyo."

"Mlifurahi?"

Nilisema tulipata shule na zahanati, jambo ambalo lilikuwa kweli. Akatabasamu, akaniuliza kama kuna mtu aliyenituma nichanganye watu ili vijiji vigombane. Akaniuliza pia baba mdogo wangu alikuja ofisini kufanya nini, na kwa nini tulizungumza nje, tena kwa kilugha. Ofisini watu waliotuona tumesimama penye kivuli walikuwa wachache, na kati yao alikuwapo mwenzangu.

Nilirudi chumba cha kompyuta nikiwa nimeamua. Sikutaka tena kumwacha aandike peke yake nisipomwona. Nilivuta meza yangu mpaka ikagusana na yake, nikakigeuza kioo changu ili niweze kukiona na cha kwake.

"Tuandike pamoja," nilimwambia. "Nikuone, na wewe unione."

"Hilo ndilo nililotaka kusema mimi," alijibu, naye akasogeza kiti.

Tuliandika kama watu wanaocheza bao na mtu wanayedhani ni mwizi. Mimi niliweka kijiji chetu, nikaandika majina mawili, nikachapa. Lebo zikatoka, sahihi. Yeye akaweka Kwashemshi, taratibu, akihakikisha naona kila herufi. Akaandika mzee mmoja, akachapa. Sahihi. Nikarudi kwangu, nikaandika jina la jirani yetu, mama mmoja mjane. Juu ya kioo changu kijiji chetu kilikuwa bado kimeandikwa, kinawaka kijani. Nikachapa.

Lebo ikatoka: jina la yule mama, na chini yake KWASHEMSHI.

"Umefanya nini?" nilipiga kelele.

Alinyanyua mikono yote miwili. "Mikono yangu hii hapa! Ulikuwa unanitazama!"

Ni kweli nilikuwa namtazama. Alikuwa hajagusa kitu. Nilikiandika kijiji chetu upya, nikarudia jina la mama yule, likatoka sahihi. Nikashusha pumzi. Mwenzangu akageukia kioo chake, akaandika mzee wake wa pili, akachapa. Mzee wa Kwashemshi akatoka akiwa mkazi wa kijiji chetu cha Handeni.

"Na sasa wewe umefanya nini?" aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Hakuwa ananiuliza mimi tena.

Kisha akasema, "Weka kijiji chochote. Weka Mashewa." Nikaweka Mashewa. Yeye hakugusa mahali pa kijiji. Aliandika jina tu. Likatoka Mashewa. Kioo chake bado kilisema Kwashemshi. Tulirudia mpaka kila mmoja akawa amewahamisha watu wa mwenzake mara kadhaa, na kila mara vioo vyetu vilitudanganya kwa utulivu kabisa.

Nilikuwa nimesoma kozi fupi ya programu Dar es Salaam kabla ya kuajiriwa, na makabrasha ya mtaalamu yalikuwa kabatini. Tulitandaza maelekezo yake mezani na kuyafuata kwa kidole. Ndani ya kumbukumbu ya mashine kuna mahali panapopewa jina, na hapo unaweka kitu na kukibadilisha kila unapotaka; kwenye kozi walipaita kigeu. Mtaalamu alikuwa ametengeneza kigeu kimoja cha kijiji, mwanzoni kabisa mwa maelekezo, mahali ambapo kila sehemu ya programu inakiona. Kilikuwa cha wote. Wakati wake hilo halikuwa na ubaya, kwa sababu kulikuwa na kioo kimoja na mwandishi mmoja. Kilipokuja kioo cha pili hakuna aliyefungua maelekezo. Nyuzi mbili zikaanza kutumia mahali pamoja pa kuwekea kijiji. Nikiweka changu, nafuta chake. Akiweka chake, anafuta changu. Herufi zilizo juu ya kioo zilikuwa alama tu ya kile ulichoandika wewe. Mashine haikurudi kuzitazama.

Ndiyo maana mkuu alipotukalisha mmoja mmoja hakuona kosa. Kosa lilihitaji watu wawili.

Mwenzangu alijifuta uso. "Nilidhani ni wewe," alisema.

"Na mimi nilidhani ni wewe."

Hatukucheka. Sikumuuliza alimjibu nini yule bwana wa stoo, na yeye hakuniuliza.

Kurekebisha hakukuchukua muda mrefu. Niliondoa kile kigeu cha wote, nikakipa kila kioo kijiji chake, kisichoonekana na kioo kingine. Ila namba iliyochapwa kwenye kila lebo ilibidi itoke mahali pa wote, maana namba zilitakiwa zifuatane, na tuligundua kwamba tukibonyeza kwa pamoja tunaweza kupewa namba moja sisi wawili. Hapo mwenzangu akashauri iwe kama choo cha ofisi: aliyeingia afunge, mwingine asubiri mlangoni mpaka afungue. Niliandika hivyo hivyo. Anayechukua namba anaweka alama, na mwenzake anangoja mpaka alama iondolewe. Tulijaribu tukiandika kwa kushindana, mpaka vidole vikauma. Hakuna mtu aliyehama.

Tulimwita mkuu. Tulimwonyesha kwanza programu ya zamani, kisha mpya. Alisimama akitazama lebo zinavyotoka, akaomba turudie, akaomba tena. Nilidhani atafurahi.

"Siwezi kuandika hivi," alisema. "Mashine hii tumepewa msaada. Niseme nini, kwamba msaada unachonganisha wananchi? Kosa lazima liwe na mtu." Akanyoosha kalamu kwa mwenzangu. "Wewe utarudi ghalani kwa muda. Ni kwa muda tu."

Mwenzangu alianza kukunjua mikono ya shati lake, mmoja kisha mwingine, na kitendo hicho kilinichoma kuliko kama angelia.

"Basi andika majina yetu wote wawili, mzee," nilisema. "Kosa halitokei mpaka tuwe wawili. Umeona mwenyewe. Ukiandika jina moja, taarifa itakuwa ya uongo, na huyo bwana wa juzi akija kutuuliza tena nitamwonyesha kama nilivyokuonyesha wewe."

Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Mkuu alinitazama kwa muda, na nikaona kwamba ameanza kunishuku kwa jambo jingine jipya. Mwishowe aliandika kwamba mitambo ilikuwa katika majaribio. Hakuna aliyepelekwa ghalani. Lakini tangu siku hiyo alifunga makabrasha ya programu kabatini na kutembea na ufunguo.

Niliomba nipande lori lililorudisha mifuko Handeni. Katibu wa kijiji alikusanya watu uwanjani, nikasimama juu ya ubao wa lori nikaeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kizigua. Nilisema hakuna anayehamishwa. Nilisema mashine ilikuwa na mahali pamoja pa kuweka kijiji na watu wawili walikuwa wanapatumia.

Bibi mmoja aliyekaa mbele alinyoosha mkono. "Hiyo mashine iliijuaje Vugiri?"

"Mwenzangu ndiye aliyeiandika, bibi. Alikuwa anaandika watu wa huko."

"Kwa hiyo ninyi wawili mnaandika watu mahali pamoja, na hamzungumzi?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, lakini yeye hakucheka. Alichukua mfuko wake, akaisoma lebo kwa msaada wa mjukuu, akaichana, akaweka vipande ndani ya khanga yake. Wengi walifanya vivyo hivyo. Niliwaona wakiyatazama matairi ya lori kama wanaotaka kujua litaelekea wapi likitoka pale.

Baba mdogo hakuwapo. Mkewe aliniambia kwamba tangu aliporudi kutoka Korogwe hakulala tena kijijini. Amekwenda kwenye mahame yetu, pale tulipokuwa tunaishi kabla ya operesheni. Nilibeba mfuko wake kichwani, nikaifuata njia ambayo nilidhani nimeisahau. Vichaka vilikuwa vimefunika viwanja vya nyumba. Nilimkuta amesimamisha nguzo za kibanda na amefyeka eneo kubwa kwa mtu mmoja.

Nilimweleza yote, tangu kioo cha kwanza hadi alama ya kusubiriana. Alisikiliza kwa makini, akiwa amekaa juu ya gogo.

"Nimekuelewa," alisema. "Haikuwa wewe na haikuwa yule Msambaa."

"Ndiyo baba. Basi rudi. Hakuna atakayekuhamisha."

Aliunyanyua mfuko, akaupima kwa mikono. "Mwanangu, nilipoambiwa nimeandikwa Vugiri, niliamini palepale. Sikuwa na shaka hata kidogo. Kilichonitisha ni hicho. Mtu anayeamini upesi hivyo kwamba atahamishwa, huyo bado yuko ndani ya lori." Akasimama. "Nitamwambia mama yako mdogo alete kuku, tuwafugie huku huku."

Nilimsaidia kufyeka mpaka jua likaanza kupungua ukali, kisha nikarudi barabarani kuwahi lori. Hakuna aliyemfuata kumrudisha. Msimu ule mvua zilinyesha kidogo, na mahindi yake yalitoka machache, mafupi, lakini yalitoka. Mwaka uliofuata kaya nyingine mbili zilijenga karibu naye, na katibu wa kijiji, alipoulizwa na wakubwa watu hao wako wapi, alisema wamekwenda shambani.